Siku Tatu kutoka Tabora

Mjukuu wangu anafanya kazi kwenye kiwanja cha ndege huko Dar es Salaam. Kila akija likizo hunisomea safari za ndege: kutoka mji fulani wa Ulaya mpaka mji fulani wa Marekani, maili kadha, saa kadha, utadhani nimemwomba nauli. Mara ya mwisho alinionyesha karatasi yenye safu mbili, moja ya umbali na nyingine ya muda, akasema, "Bibi, zamani zenu mlikuwa hamyajui haya." Nilimjibu vibaya, na sijutii. Umbali tuliujua sana. Tusichokijua ni kwamba muda ulikuwa umekwisha kuachana nao, na kwa kutojua hilo mama yangu alikufa akimngoja mwanawe ambaye angeweza kufika.

Nimejifunza kuandika uzeeni, kwenye darasa la ngumbaru. Mwalimu alituambia kila mmoja aandike jambo analolikumbuka vizuri. Wenzangu waliandika harusi zao. Mimi naandika hili, ingawa najua nikilimaliza sitapata nafuu yoyote.

Ilikuwa enzi ya Mdachi, reli imekwisha pita Morogoro na kwenda zake bara hata Tabora. Kijiji chetu kiko mgongoni mwa milima ya Uluguru, juu ya Mkuyuni. Ukitoka kwetu na mzigo kichwani kwenda mjini Morogoro, ulilala njiani mara moja. Ndivyo tulivyopima njia, kwa kulala. Mkuyuni hulali, unakwenda na kurudi jua halijazama. Pwani unalala hata unazoea. Tabora, alivyokuwa akisema mjomba, unaondoka mwezi umeandama, na mwezi mwingine unaandama wewe bado unatembea.

Mjomba alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ujanani mwake alikuwa mpagazi, alibeba pembe na vitambaa katika misafara, na bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu ambayo watoto walipenda kuigusa. Alijua wapi maji ni ya chumvi, wapi unanunua mtama, wapi mtu hatakiwi kuwasha moto. Zaidi ya hayo alikuwa mjomba. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Baba yetu alikuwa amekwisha kufa, lakini hata angekuwa hai angekaa pembeni, neno likatoka kwa yule yule.

Mama alikuwa na watoto wawili tu waliopona, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mdogo wangu alikuwa Tabora akifanya kazi ya reli. Mimi niliwahi kuolewa mjini, nikaachika kwa sababu ya mdomo wangu, nikarudi mlimani kulima na kuuza ndizi. Watu walisema nina ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Naliandika hilo ili msomaji ajue kwamba siku niliponyamaza sikuwa mtu asiyejua kusema.

Mama aliugua mwanzoni mwa mvua za masika. Tumbo lilimvimba, homa ikapanda, na kwa siku tano hakuweka kitu kinywani ila maji. Mganga wetu alimpapasa, akaosha mikono yake taratibu, akamwambia mjomba nje ya nyumba kwamba wiki haitakwisha. Mimi nilikuwa natwanga karibu nao. Nikauacha mchi.

"Mjomba," nilisema, "tumwite mdogo wangu. Tumwambie mama anaumwa sana."

Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu asiyejua dunia.

"Mpwa wangu, ugonjwa haupelekwi mbali," alisema. "Tangu misafara ya zamani, ndivyo tulivyofanya. Habari ya ugonjwa huchacha njiani. Inapofika, mgonjwa ama amekwisha pona ama amekwisha oza, na mtu wa watu anakimbia bure. Kwa aliye mbali hupelekwa habari ya kifo tu, basi. Akipata nafasi anakuja kwa arobaini, asipopata anaomboleza huko huko."

"Lakini mama hajafa."

"Atakuwa amekufa barua ikifika. Wewe ndizi unazikata lini? Si mbichi? Zinaivia njiani. Nenda mjini kaseme amekufa."

Nilimwambia kuna gari la moshi. Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu, na siku moja nilimshuhudia mtu aliyesema ametoka Dodoma asubuhi, na nguo zake hazikuwa na vumbi hata la upindo. Mjomba akacheka. Alikuwa amesikia habari za hilo gari, na alilihesabu katika mambo ya Wadachi, pamoja na miwani na mbwa wanaolala ndani. "Gari litakimbia," alisema, "lakini Tabora haijahama."

Naomba nieleweke. Hakuwa mtu mbaya. Mama alikuwa dada yake wa kuzaliwa, na usiku ule alikaa mlangoni pake mpaka alfajiri. Miguu yake iliijua ile njia jiwe kwa jiwe, na mtu ambaye miguu yake inajua jambo humwambii kitu. Waliokuwapo wote waliafiki. Na mimi niliyejua, niliyeliona gari, nilifunga kanga yangu nikashuka. Hulka ya kwetu ni hiyo: unabishana na mumeo, na jirani, hata na jumbe, lakini na mjomba hubishani. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia.

Mjini nilikwenda kwa Mhindi mmoja aliyekuwa na duka la nguo na chumvi, ambaye mara nyingi nilimuuzia ndizi. Mpwa wake alikuwa na duka Tabora, karibu na stesheni, na wafanyakazi wa reli wengi walinunua kwake. Alikuwa mtu mzima, mwenye adabu, anayekupa maji ya kunywa kabla ya kukuuliza shida yako. Nikamwambia namtaka amwandikie mpwa wake, ampe mdogo wangu habari.

"Habari gani, binti?"

"Mama amefariki."

Akaacha mkasi juu ya kitambaa. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Lini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Mjomba hakunipa siku. Nikasema, "Jana."

Akaandika pale pale. Alipokunja karatasi alinipa pole tena, akaniambia nisihofu, gari la barua linapita kesho, na baada ya kesho yake mdogo wangu atakuwa ameshapata habari. Nikamuuliza, "Siku tatu?" Akasema, "Hata tatu hazifiki." Nilisimama pale na tenga langu tupu la ndizi. Nilijua wakati ule ule. Sitaki kusingizia kwamba nilikuja kujua baadaye. Mama alikuwa anapumua, barua ilikuwa mkononi mwa mtu umbali wa hatua mbili, nami ningeweza kunyoosha mkono nikaichukua. Lakini nilijisemea: mganga kasema wiki haitakwisha, mjomba kasema hivi, na nikiirudisha barua hii Mhindi ataniona mwendawazimu anayeua na kufufua. Nikamwambia ahsante.

Nilipofika nyumbani kesho yake jioni, mama alikuwa ameegemezwa ukutani akinywa uji.

Mjomba alifurahi. Nani asingefurahi? Alisema Mungu mkubwa, akachinja kuku. Halafu akanitazama juu ya bakuli, nami nikamtazama. Siku ya tatu mama alikuwa anaweza kukaa nje kuota jua, akiwa amekonda mpaka pete ilimvuka kidole. Tumbo halikupungua. Kila aliyemwona alijua hatapona, ila sasa hakuna aliyejua lini.

"Mmemwita mwanangu?" aliniuliza.

"Tumemwita."

"Kwa gari la moshi?"

"Barua imekwenda kwa gari la moshi, mama."

"Wewe umeliona. Linalala wapi njiani?"

Mjomba alikuwa amempa hesabu yake ya miezi, lakini mama hakuitaka. Alitaka ya kwangu. Alinifanya nimweleze lile gari sehemu kwa sehemu, moshi wake, milango yake, watu wanavyokaa wametazamana. Akakubali kila kitu. Kijiji kizima hakikuamini isipokuwa yeye, mwanamke ambaye hakuwahi kufika hata Kingolwira, hapo jirani na Morogoro. Akahesabu kwa vidole: barua siku tatu, mwanangu siku tatu, na siku moja ya kupanda mlima huku. Akasema, "Basi wiki ijayo."

Wiki iliyofuata alinituma nimsukie nywele upya na kufagia njia hadi kwenye mto. Hakuja mtu. Mama akasema labda amekosa nafasi. Akahesabu tena wiki. Nayo ikapita.

Nilimwendea mjomba shambani, nikamwomba nishuke nikaseme ukweli. Nilimwona amezeeka. Alisema, akichimba bila kunitazama, kwamba mtu akishaambiwa mama yake amekufa, akanyoa, akaombolezewa, halafu aambiwe mama yu hai, ataona tunamchezea uchawi, na huenda ukawa uchawi kweli. "Maiti hafufuliwi kwa barua," alisema. "Ngoja. Hata mwezi wa kufika kwake haujatimia." Bado alikuwa njiani na misafara yake.

Nikashuka bila ruhusa. Mvua ilikuwa kubwa, mto umefurika, nikachelewa siku nzima ng'ambo. Ilikuwa siku ya ishirini na tano tangu barua ile. Njia nzima nilikuwa nikisema kwa sauti maneno nitakayomwambia Mhindi: mama yu hai, tulikosea, andika upesi. Niliyasema mpaka yakawa mepesi mdomoni.

Nilipoingia dukani Mhindi aliinuka. Palikuwa na wateja, wanawake wawili na askari mmoja wa boma. Akasema mbele yao wote, "Binti, pole sana, nina majibu yako tangu wiki mbili." Akanisomea. Mdogo wangu alisema amepata habari siku ya tatu. Wanyamwezi, ambao ni watani zetu, walimfanyia matanga. Alisema kama angepata habari kwamba mama mgonjwa angepanda gari siku ile ile na kipande chake cha kazi, ile kadi ya kuhesabia siku alizofanya, kibaki kama kilivyo, wamchape viboko hamsa ishirini wakitaka. Lakini kwa kuwa amekwisha zikwa, atamaliza kipande kwanza, ndipo aje kwa arobaini.

Mhindi alikunja barua. Akachukua kitambaa cheupe, bafta nzuri, akapima, akakata, akanipa. "Hii ni ya arobaini ya mama," alisema. "Alikuwa mtu wangu pia, ndizi zake nimekula miaka." Askari yule naye akanipa pole. Wanawake wakanipa pole.

Nikaipokea bafta kwa mikono miwili.

Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini. Ulimi wangu wa kumtoa nyoka ulikwenda wapi? Nilimwonea haya Mhindi, hilo ndilo jibu na sina jingine. Nilimwonea haya mtu aliyenipa kitambaa, nikamuuza mama yangu kwa haya hiyo. Pale dukani palikuwa na mtu aliyejua kuandika, na karibu na boma palikuwa na simu inayopeleka neno Tabora kabla ubwabwa haujaiva. Nilichotakiwa kusema ni maneno matatu. Nikaweka bafta kwenye tenga, nikaifunika majani ya mgomba isilowe, nikapanda mlima.

Mama aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikwenda kumwulizia. "Wanasemaje?" Nikasema anakuja. Akauliza, "Amefika wapi sasa?" Na mimi, ambaye sasa nilikuwa mwongo wa kazi, nikaanza kumtembeza mdogo wangu njiani. Siku ile nikamlaza mbali huko bara. Kesho yake nikamleta Dodoma. Mama akakunja uso, akasema, "Gari limepunguza mwendo," nami nikamwambia ni mvua, reli imekatika. Siku iliyofuata akaniambia niache kusema, sauti yangu inamchosha. Njia ya mwongo ni fupi, nami yangu iliishia pale.

Alikufa siku ya thelathini na moja tangu barua ile, kabla ya adhuhuri. Alikuwa amegeuziwa uso mlangoni kwa kupenda kwake. Neno lake la mwisho la maana, jana yake, lilikuwa kwa mjomba. Alimwuliza, "Kaka, wewe uliyekwenda, Tabora ni mbali kweli?" Mjomba aliinuka. Alitoka nje akaenda kusimama migombani, na nilimsikia akilia kwa sauti ambayo sikuijua. Tukamvika mama ile bafta, kwa kuwa nyingine haikuwapo.

Mdogo wangu alifika baada ya siku tisa. Alikuja na mchele, kanga mbili, sukari iliyofungwa kwa karatasi, vitu vya arobaini. Alipanda mlima mchana, akimpungia kila mtu mkono, kwa kuwa kilio chake kilikuwa kimepoa. Akamsalimu mjomba, "Shikamoo mjomba," na mjomba hakuitikia marahaba. Alikuwa ameinamisha kichwa. Ndipo mdogo wangu akakitazama kichwa chenyewe. Kilikuwa cheupe, kimenyolewa juzijuzi. Akanitazama mimi, kichwa changu vile vile. Akatazama watoto wa jirani, nao vipara. Kwetu msiba ukiingia tunanyoa siku ya tatu. Yeye alikuwa amenyoa Tabora, na nywele zake zilikuwa zimeota, nyeusi, zimechanwa vizuri.

Akaweka mchele chini.

"Nani mwingine amekufa?" aliuliza.

Akaniuliza mimi, "Dada, nani mwingine?" Nikamshika mkono nikampeleka kaburini. Udongo ulikuwa bado umevimba, mvua haijausawazisha, na majani tuliyotandika juu hayajakauka. Akakaa chini. Akaushika udongo, akaubonyeza. Mtu anayefanya kazi ya reli anajua udongo uliochimbwa lini.

"Siku ngapi?"

"Tisa."

Akahesabu kimya, nikamwona midomo inacheza. Nikamwambia yote, pale pale: la mganga, la mjomba, la dukani mara ya kwanza, na la dukani mara ya pili. Sikuacha kitu. Nilitaka anipige. Nilimwambia mama alivyonituma nimfagilie njia, nikamwambia alivyohesabu kwa vidole. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kazi yetu iko kando ya stesheni," alisema. "Kila gari lilipoondoka kuja huku, mimi ndiye niliyefungua njia lipite."

Akaendelea kuubonyeza ule udongo kwa kiganja.

"Ningefika, dada. Ningemwona, ningerudi kazini, ningemaliza kipande, na ningefika tena kumzika."

Hakusema neno jingine, kwangu wala kwa mjomba. Mchele wake ulipikwa na watu wa msiba, yeye akakataa kula. Alfajiri alishuka peke yake kwenda Morogoro kupanda gari, na siku ya tatu, kwa hesabu yake na ya mama, alikuwa Tabora. Ameishi huko, amezaa huko, na amezikwa huko. Habari ya kifo chake nililetewa baada ya mwaka. Hakuna aliyeniambia alikuwa mgonjwa.